Uvuvio wa Maandiko na Elimu ya Anga ya Leo: Njia Tano za Kuchagua

Swali la namna maandiko yanayosemwa yametoka kwa Mungu yanavyokaa na elimu ya anga ya leo huja kwa milango miwili. Yupo anayeanzia kwenye imani: kitabu hiki ni neno la Mungu, sasa miaka bilioni 13.8 wanayoitaja wanafalaki niiweke wapi? Na yupo anayeanzia kwenye darubini: nimeshajua dunia ni sayari ndogo inayozunguka nyota ya kawaida, sasa kitabu kinachosema jua linakimbia na nyota zitaanguka kitakuwaje kimetoka kwa aliyeziumba? Majibu wanayopewa wote wawili, ukiyavua mapambo, ni matano tu. Nayaweka hapa ubavu kwa ubavu ili uchague. Sitajifanya sina upande: lipo moja naona linabeba mzigo kuliko mengine, na lipo moja linalopendwa mno ambalo naliogopa.

Kabla ya kuchagua

Amua kwanza unamaanisha nini unaposema maandiko yametoka kwa Mungu, yaani yana uvuvio, maana hapo ndipo watu wengi hugombana bila kujua wanagombania nini. Mkristo akisoma 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, kwa kawaida anamwaza Mungu aliyemtumia mtu: Daudi na ushairi wake, Luka na uchunguzi wake, kila mmoja na elimu ya zama zake. Mwislamu anaposema Qurani ni wahyi, anasema maneno yenyewe yameteremshwa. Mtume ameyapokea, hakuyatunga. Tofauti hii hubadilisha bei ya kila njia. Mkristo anaweza kusema, "hapa anaongea Daudi na anga la zama zake," akaendelea na safari. Mwislamu hana mlango huo, itabidi atafute mwingine. Anao, tutaufikia.

Kwa upande mwingine Mwislamu ana nafuu ambayo Mkristo hana: Qurani haina orodha ya vizazi yenye miaka ya kujumlisha, kwa hiyo umri wa ulimwengu haumkabi sana. Kinachomkaba ni aya za jua na nyota.

Na upande wa elimu ya anga nao, tenganisha yaliyokwisha na yanayoendelea. Yaliyokwisha: dunia hujizungusha na hulizunguka jua, umri wake ni miaka bilioni 4.54 hivi, nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, galaksi ya Andromeda (kundi kubwa la nyota, jirani na letu) iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na ulimwengu unapanuka. Yanayoendelea: maada ya giza ni kitu gani, nishati ya giza ni kitu gani, na kama ule mwanzo wa miaka bilioni 13.8 iliyopita ulikuwa mwanzo wa kila kitu au ni mpaka tu wa hesabu zetu. Mhubiri anayesema "sayansi hubadilika kila siku" anasema kweli kuhusu fungu la pili. Kuhusu la kwanza, hakuna mtu anayengoja dunia irudi katikati.

Njia ya kwanza: neno kama lilivyo

Siku sita za uumbaji katika Mwanzo 1 ni siku sita za kawaida, jua liliwekwa siku ya nne, na ukijumlisha vizazi kutoka Adamu unapata miaka elfu sita hivi. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland alichapisha hesabu hiyo mwaka 1650 na kutua kwenye Oktoba ya mwaka 4004 KK. Watu humcheka, lakini hakuwa mjinga. Alipekua maandishi ya kale aliyoweza kuyapata, akakosa kitu kimoja tu, nacho ni saa ya kupimia iliyo nje ya maandishi.

Sifa ya njia hii ni kwamba haizungushi maneno. Msomaji wa kawaida hamhitaji mtaalamu wa kumwambia andiko lilimaanisha kitu kingine. Inapoumia ni pale nuru ya mbali inapofika kwetu, na hapa afadhali tuangalie tukio moja kwa karibu.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1987, watazamaji katika kituo cha Las Campanas nchini Chile waliona nyota mpya ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani inayoonekana kwa macho upande wa kusini wa anga. Haikuwa mpya. Ilikuwa nyota iliyokwisha kuorodheshwa kwa jina la Sanduleak -69 202, nayo ilikuwa imelipuka. Saa chache kabla ya nuru hiyo kuonekana, vigunduzi vilivyofukiwa chini ya ardhi nchini Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti vilinasa nyutrino dazeni mbili hivi, chembe zinazomwagika pale kiini cha nyota kinapoporomoka. Baadaye pete ya gesi iliyokuwa imeizunguka nyota ile ikawaka. Wataalamu walichukua muda ambao mwanga wa mlipuko ulitumia kuifikia pete, wakaulinganisha na upana wa pete hiyo unavyoonekana kutoka kwetu, wakapata umbali kwa jiometri ya kawaida kabisa: miaka ya nuru 168,000 hivi. Na masalia yalipoanza kufifia, yalififia kwa mwendo wa kobalti-56, aina ya kobalti inayooza yenyewe na kutoa mnururisho, ambayo nusu yake huisha kila baada ya siku 77, sawasawa na kobalti-56 ya maabara za hapa duniani.

Anayeshika miaka elfu sita hujibu kwa namna mbili. Ya kwanza: Mungu aliumba nuru ikiwa tayari njiani. Basi nyota ile haikulipuka kamwe. Mungu alitengeneza picha ya mlipuko, akaisindikiza kwa nyutrino, akapanga pete iwake kwa wakati wake, akaigiza kufifia kwa kobalti ambayo haikuwapo, vyote vikatufikia mwaka 1987. Zaburi ya 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu; kwa jibu hili zinahubiri habari ya jambo lisilotokea. Jibu la pili: zamani kasi ya nuru ilikuwa kubwa zaidi. Hapo kobalti inakataa, kwa sababu kasi ya nuru imo ndani ya hesabu za nishati ya kiini cha atomu. Huwezi kuikuza mara nyingi hivyo halafu ukabaki na siku 77 zilezile.

Kuna jambo jingine ambalo wenye njia hii hawapendi kuguswa. Karibu wote wanakubali kwamba dunia inazunguka. Lakini Zaburi 93:1 inasema ulimwengu umethibitika usitikisike, na Mhubiri 1:5 inalisimulia jua likichomoza, likishuka, na kuharakisha kurudi mahali pa kuchomoza. Wakifika hapo husema hiyo ni lugha ya mtazamaji. Hata Tamko la Chicago la mwaka 1978, lililoandikwa kutetea kwamba Biblia haina kosa lolote, linakubali maelezo ya maumbile kama yanavyoonekana kwa macho. Kwa hiyo daraja wameshalivuka mara moja. Wanachokataa ni kulivuka tena kwenye Mwanzo 1. Wana sababu zao, na ni sababu nzito (Adamu, dhambi, Sabato), ila hakuna hata moja inayotoka angani.

Njia ya pili: kuoanisha aya na ugunduzi

Hii ndiyo ninayoiogopa. Inavutia kwa kuwa haiombi msamaha: inasema maandiko hayajapingana na elimu ya anga, bali yaliitangulia.

Upande wa Biblia, kila siku ya Mwanzo 1 hufanywa kuwa zama ndefu, kwa kutegemea Zaburi 90:4 inayosema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana. Urefu unakaa, mpangilio hauketi. Mimea iko siku ya tatu, jua na nyota siku ya nne, wakati nyota kongwe zina umri unaozidi miaka bilioni 13 na jua ni kubwa kidogo kwa umri kuliko dunia. Jibu la kawaida ni kwamba jua lilikuwapo tangu mwanzo, siku ya nne mawingu yalifunguka tu. Soma Mwanzo 1:16 uone kama kuna mawingu. Halafu kuna Ayubu 26:7, kwamba Mungu ameutundika ulimwengu pasipo kitu, aya inayotajwa kama ujuzi wa anga kabla ya wakati wake. Mistari minne chini yake, katika sura ileile, zinatajwa nguzo za mbingu zinazotetemeka. Ukiifanya ya saba kuwa sayansi, ya kumi na moja utaifanya nini?

Upande wa Qurani, aya ya 51:47 husomwa leo kuwa inataja ulimwengu unaopanuka, jambo lililoonekana kwenye vipimo vya Edwin Hubble mwaka 1929. Aya ya 21:30, kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeshikamana kisha zikatenganishwa, husomwa kuwa ni Mlipuko Mkuu, yaani ule mwanzo wa ulimwengu. Lakini fungua tafsiri ya Tabari, mfasiri mkubwa wa Qurani aliyefariki mwaka 923. Miongoni mwa maelezo anayoyanukuu ni kwamba mbingu ilikuwa imefungika haitoi mvua, na ardhi imefungika haioteshi, kisha zikafunguliwa, moja kwa mvua na nyingine kwa mimea. Maelezo hayo yanakwenda vizuri na maneno yanayofuata ndani ya aya hiyohiyo, yanayosema kila kilicho hai kimetokana na maji. Sisemi kwamba wasomaji wa leo ni lazima wamekosea. Nasema wanazuoni wa miaka elfu nzima, walioijua lugha ya Qurani kuliko sisi, hawakuona galaksi zinazokimbiana hapo mpaka darubini ilipozionyesha. Maana iliyokuja baada ya ugunduzi haiwezi tena kusimama kizimbani kama shahidi wa wahyi.

Angalia pia aya ya 36:38, jua linakwenda kwenye kituo chake. Siku hizi huambiwa ni safari ya jua kuizunguka galaksi yetu, kilomita 230 hivi kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa miaka milioni 230 hivi. Hesabu ni za kweli. Ila aya za jirani zinazungumza juu ya usiku na mchana, jambo ambalo mzunguko wa galaksi hauhusiki nalo hata chembe, na watu waliosoma aya hiyo wakati wote waliamini jua linaizunguka dunia waliisoma bila shida yoyote. Aya inayokubaliana na kila elimu ya anga iliyowahi kuwapo haijatabiri yoyote kati ya hizo.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu njia hii hakitoki kwa wapinzani wa dini. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius wa XII aliwahutubia wanachama wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi akasema, kwa ufupi, kwamba sayansi ya kisasa imefika karibu kushuhudia lile neno la kwanza, "Iwe nuru." Aliyesikitishwa na hotuba hiyo alikuwa Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, mtu aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka na mwaka 1931 kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo mno. Padri ndiye aliyekuwa na wasiwasi! Alijua kwamba nadharia yake ilikuwa bado inashindana na ile ya Fred Hoyle na wenzake ya mwaka 1948, iliyosema ulimwengu hauna mwanzo, na kwamba ushahidi wa kuamua ulikuwa haujapatikana. Ulikuja mwaka 1965, pale Arno Penzias na Robert Wilson walipotangaza mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga. Lemaître alipata habari hizo muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1966. Nadharia yake ilishinda, lakini fikiria kama ingeshindwa: "Iwe nuru" ingeanguka nayo, kwa sababu tu mtu mkubwa aliifunga kwenye mkia wa nadharia ya mwaka ule. Alipozungumza na wanafalaki mwaka 1952, Papa hakurudia dai hilo.

Mtindo huu ndio huzaa habari zinazosambazwa kwenye simu. Ipo ya kompyuta za NASA zilizogundua "siku iliyopotea" ya Yoshua, ile ambayo Biblia inasimulia jua lilisimama. Haikutokea, wala haiwezekani: kompyuta hukokotoa nafasi za sayari kurudi nyuma kuanzia leo, na haina kalenda ya pili ya kulinganisha isipokuwa kumbukumbu za kupatwa kwa jua zilizoandikwa na watu, ambazo za kuaminika kwa wingi huanza karne ya 8 KK, muda mrefu baada ya Yoshua. Ipo na picha ya ufa juu ya mwezi, inayopelekwa huku na huko kuwa ni ushahidi wa kupasuka kwa mwezi katika aya ya 54:1. Ni bonde la Ariadaeus, lenye urefu wa kilomita 300 hivi, lililopigwa picha na wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969. Liliundwa na ukanda wa gamba la mwezi kudidimia kati ya nyufa mbili, na halijauzunguka mwezi. Anayetaka kuamini muujiza huo na auamini kwa sababu zake za imani. Ufa huu haumsaidii.

Na kwa Mwislamu kuna kielelezo kilicho karibu zaidi. Mtoto wa Mtume, Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa. Mahesabu ya leo hulihusisha tukio hilo na tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Ishara ya angani ilikuwa imejileta yenyewe, na watu wako tayari kuipokea. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Njia ya tatu: lugha ya macho

Njia hii inasema Mungu aliposema na watu alisema nao kwa anga wanaloliona. Hakukusudia kufundisha falaki, kwa hiyo huwezi kumpata na kosa la falaki, wala huwezi kumpa sifa ya ugunduzi wa falaki. Unapoteza vyote viwili kwa pamoja, na hilo ndilo linalowafanya watu waikwepe.

Hudhaniwa kuwa ni njia ya kukimbilia iliyobuniwa baada ya kesi ya Galileo, mwanafalaki wa Italia aliyehukumiwa na Kanisa kwa kusema dunia inazunguka jua. Siyo. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya Mwanzo alichokimaliza karibu mwaka 415, alionya kwamba ni aibu na hatari Mkristo kuropoka juu ya mwendo wa nyota mbele ya asiyeamini anayeyajua mambo hayo. Akikusikia umekosea kwenye anachokijua, atakuaminije juu ya ufufuo? Imam Ghazali, mwishoni mwa karne ya 11, aliandika karibu neno hilohilo kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi: wanafalaki wamelithibitisha kwa jiometri na hesabu, na anayelipinga akidhani anaitetea dini anaidhuru kuliko adui anayeishambulia waziwazi. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alikiri kwamba wahenga wake walipozungumza juu ya nyota walisema kwa elimu ya zama zao, si kwa mapokeo ya manabii. Na John Calvin, mwaka 1554, alipofika Mwanzo 1:16 panapotaja mianga miwili mikubwa, hakuficha kitu: wanafalaki wamethibitisha kuwa Zohali ni kubwa kuliko mwezi, Musa ameandika kama mtu wa kawaida anavyoona, na kazi ya wanafalaki si ya kulaumiwa.

Kesi yenyewe ya Galileo ina somo lisilosimuliwa vya kutosha. Mwaka 1615 Kardinali Bellarmino alimwandikia padri Foscarini kwamba kama kungekuwa na uthibitisho wa kweli kuwa dunia inazunguka jua, ingebidi kuyafasiri upya kwa uangalifu maandiko yanayoonekana kupinga, na afadhali kusema hatuyaelewi kuliko kusema kilichothibitishwa ni uongo. Kanuni ni nzuri kabisa. Na kwa haki, uthibitisho wa kutosha haukuwapo wakati ule: hoja ya Galileo ya maji kupwa na kujaa ilikuwa na makosa, na nyota hazikupimwa kusogea kwa sababu ya mzunguko wa dunia mpaka kazi za James Bradley katika miaka ya 1720 na Friedrich Bessel mwaka 1838. Kosa lilikuwa kulifunga jalada mwaka 1616 na kumhukumu mtu mwaka 1633, kana kwamba uthibitisho hautakuja kamwe.

Mlango wa Mwislamu niliouahidi uko hapa. Aya ya 18:86 inasema Dhul-Qarnayn, mfalme msafiri wa Qurani, alipofika machweo ya jua aliliona linatua katika chemchemi yenye matope. Wapinzani huipenda mno aya hii. Ibn Kathir, mfasiri wa Qurani wa karne ya 14, alishaisoma bila jasho: ndivyo alivyoliona kwa macho yake, kama kila anayesimama pwani anavyoliona jua likitua baharini. Maneno yanabaki ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, herufi haijaguswa; kinachosimuliwa ni alichokiona mtu. Vivyo hivyo aya ya 67:5, mataa yaliyoipamba mbingu ya karibu na yakafanywa ya kuwapigia mashetani. Kimondo ni punje ya vumbi au jiwe dogo linaloungua katika kimo cha kilomita 80 hadi 100, si nyota. Lakini machoni pa mtu ni nyota iliyochomoka. Hata hivyo mzigo wa aya hii ni mzito kuliko wa ile ya chemchemi, maana hapa hakuna mtazamaji anayetajwa, na sitaki kujifanya zinalingana.

Sasa pingamizi kubwa: ukianza kuvua mavazi utaishia wapi? Leo anga, kesho Adamu, keshokutwa ufufuo. Pingamizi hili ni la haki. Kipimo ninachokiona kinafaa ni kuuliza andiko limeegemea nini. Ondoa anga la kale kwenye Mwanzo 1, weka galaksi. Dai kwamba Mungu mmoja aliumba vyote, na kwamba jua na mwezi ni viumbe visivyofaa kuabudiwa, limesimama palepale. Ni dai lilelile la aya ya 41:37, msilisujudie jua wala mwezi. Ondoa tukio la ufufuo kwenye Injili, uone kama kinabaki cha kuhubiri.

Yoshua 10 inapima kipimo hicho vizuri, kwa sababu ina mambo mawili yaliyobanana. Kwamba jua ndilo linalotembea, hiyo ni lugha ya macho, na imekwisha. Kwamba mchana ule ulirefushwa, hilo ni dai la tukio, na lugha ya macho hailigusi. Dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta. Kuisimamisha bila bahari kupanda nchi kavu ni muujiza juu ya muujiza. Colin Humphreys na Graeme Waddington walipendekeza mwaka 2017 kwamba kilichotokea ni kupatwa kwa jua kwa tarehe 30 Oktoba 1207 KK. Ni kazi ya werevu, lakini imeturudisha kwenye njia ya pili. Hapo unaamua juu ya miujiza, na wanafalaki hawana kura.

Njia ya nne: kila mmoja na shamba lake

Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aliipa njia hii umaarufu mwaka 1997: sayansi ishughulike na ukweli wa maumbile, dini ishughulike na maadili na maana, zisigusane. Ni amani ya haraka. Kwa mtu aliyechoka na mabishano inafaa kwa muda. Ila maandiko yenyewe hayajakubali mpaka huo: yanasema ulimwengu una mwanzo, yanasema utakuwa na mwisho, yanasema mambo fulani yalitokea mahali fulani. Mathayo 24:29 inapotaja nyota kuanguka, ukiisoma kwa macho ni sawa (nyota halisi haiwezi kuangukia dunia, jua letu tu lina kipenyo mara 109 ya dunia), lakini bado inadai kuna siku inakuja. Aliyebaki na maadili peke yake amekubali kupunguziwa kitabu kabla ya kujadiliana.

Njia ya tano: hakuna uvuvio

Waandishi walikuwa watu wa zama zao, wakaandika anga la zama zao, basi. Nguvu ya njia hii ni urahisi wake. Haihitaji kueleza kwa nini Mungu aliyeziumba galaksi hakutaja hata moja. Sentensi moja tu kwamba nyota ni majua ya mbali ingetosha, wala mtu wa kale asingeshindwa kuielewa. Sijaona jibu la haraka kwa hilo.

Ila hapa pia kuna kurukia hitimisho. Elimu ya anga imevunja dhana moja ya uvuvio: kwamba Mungu aliandikisha somo la sayansi. Dhana kwamba alisema na watu kwa anga lao haijaguswa na darubini yoyote, si kwa sababu imethibitika bali kwa sababu darubini haipimi kitu hicho. Anayeacha imani ana hoja nyingi za kumtosha, za mateso, za historia ya maandiko, za mgongano wa dini zenyewe. Akisema ni galaksi zilizomtoa, namwomba asome Zaburi 8:3-4. Udogo wa mtu chini ya mbingu uliulizwa humo kabla ya darubini, na mwenye kuuliza alibaki akiomba.

Nani achague ipi

Kama wewe ni Mkristo unayeshikilia kwamba Mungu alitumia watu, njia ya tatu itakugharimu kidogo kuliko zote, na waliokutangulia humo ni Agostino na Calvin, si watu wa jana. Kama ni Mwislamu, ichukue kwa masharti ya Ibn Kathir: neno libaki, mtazamo ufasiriwe. Utabaki na aya chache ngumu, nami naona ni bora kubaki nazo ngumu kuliko kuziponya kwa ugunduzi wa mwaka huu.

Kama dhamiri yako haikuruhusu kuiacha njia ya kwanza, ishike, lakini acha kusema elimu ya anga iko upande wako. Sema wazi kwamba unaamini kinyume na kinachoonekana. Ni msimamo unaoheshimika kuliko kasi za nuru za kubuni. Kama uko njiani kutoka nje ya imani, au kuingia, usiichague njia ya pili hata kama ndiyo iliyokuvuta. Aliyeingia kwa sababu ya aya moja na ugunduzi mmoja hutolewa na makala moja.

Na kama unafundisha vijana, madrasa au darasa la kipaimara, wape habari ya nyota ya mwaka 1987 wewe mwenyewe, pamoja na umbali wake na siku 77 za kobalti, na uwaambie wewe umeipokeaje. Wataipata tu kwenye simu.